Wadhamini Watatu

Tuliambiwa tugeuke, tutazame ukuta wa ofisi ya mtaa, ili watu wanyooshe mikono bila kutuonea haya. Tulikuwa wanawake wanne, tumepangwa kama wanafunzi waliochelewa namba. Mwenyekiti akataja jina langu. Nyuma yangu nikasikia viti vya plastiki vikilia, khanga zikisugana, mtoto akikohoa.

Mbele yangu kulikuwa na dirisha. Upande mmoja kioo kilishavunjika, wakabandika boksi. Upande wa pili ni kizima, na kwa kuwa ndani kulikuwa giza na nje jua la saa tisa, kile kioo kikawa cha kujitazamia. Mkutano mzima ulikuwa mle ndani.

Nilipaswa kufumba macho. Sikufumba.

Nikamwona jirani yangu, amekalia ndoo iliyofudikizwa, mstari wa tatu. Kushoto kwake mkono juu. Kulia kwake mkono juu. Yake yeye ilikuwa mapajani, imeshikana, kama ya mtu anayesubiri chakula kipakuliwe.

Ilibaki pale pale mpaka mwenyekiti alipomaliza kuhesabu.

Hii ni wiki ya sita tangu siku hiyo, na sijaacha kuiona ile mikono. Nakoroga unga naiona. Kuandika huwa kunanisaidia, basi acha niandike.

Fulana nne

Tangazo lilibandikwa ubaoni, lakini mimi nilikutana nalo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, limepigwa picha kiupandeupande, katikati ya mtu aliyepoteza kitambulisho cha NIDA na mtu anayedai pesa ya taka. Nafasi mbili za mhudumu wa afya ngazi ya jamii: mwanamke mmoja, mwanamume mmoja. Barua ya maombi, nakala ya cheti, picha mbili, wadhamini watatu. Majina yatapelekwa kwenye mkutano wa wananchi.

Kabla ya saa nne asubuhi watu saba walishanitumia lile lile tangazo faraghani. "Yako hii." "Dada, zamu yako imefika." Mmoja aliandika neno moja tu, "Hatimaye", na vile vikono vya kuomba dua.

Na mimi niliamini ni yangu. Tangu Januari 31, 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dk. Philip Mpango, alipozindua ule mpango kule Dodoma, namba moja ilikaa kichwani mwangu kama namba ya simu ya mama: 137,294. Ndio idadi ya wahudumu waliosemwa watapatikana nchi nzima ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa. Nilikuwa nikiona kwenye habari mahali fulani wameanza, najisemea, wale 137,292 wengine siwajui, ila hapa kwetu mmoja namjua.

Nilianza kujitolea 2013, nina miaka 22, hapa hapa Tanga. Mradi wa kwanza ulikuwa wa wajawazito. Wa pili wa kifua kikuu. Wa tatu wa watoto na lishe, tukapewa ule utepe wa kuzungusha kwenye mkono wa mtoto: kijani mama anatabasamu, njano mnazungumza, nyekundu, yaani chini ya sentimita kumi na moja na nusu, mnakwenda zahanati siku hiyo hiyo, hata kama kuna nyama jikoni. Wa nne sikumbuki hata ulikuwa wa nini. Miradi huja na fulana na huondoka na gari. Fulana ninazo nne, mbili nafutia jiko.

Posho ilikuwepo wakati mwingine. Nauli, hivi. Chai ya semina. Riziki yangu ilikuwa na bado ni vitumbua, kila alfajiri mlangoni kwangu.

Binamu yangu alikwenda chuo akasoma kozi ya mwaka mzima ya kazi hii hii, akarudi na cheti, akasubiri ajira mpaka akafungua saluni. Kwa hiyo sikuwa mtoto. Nilijua kusubiri kukoje. Babu yangu naye alikuwa anatusimulia mwaka 1973, walivyokuwa wanakusanyika kwa mwenye redio kusikiliza kipindi cha Mtu ni Afya, kikiisha wanabishana, wakichoka kubishana wanakwenda kuchimba choo. "Hatukulipwa," alikuwa anasema, na mimi nilidhani anajisifu. Sasa nafikiri alikuwa analalamika.

"Husika na kichwa cha habari hapo juu"

Kijana wa duka la steshenari ana barua moja kwenye kompyuta yake, anabadilisha jina tu. Ya ualimu, ya ulinzi, ya udereva, zote zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" na zote zinaisha na "Natanguliza shukrani zangu za dhati". Anatoza elfu moja mia tano, na hana haraka wala huruma.

"Uzoefu?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza mama aliyejifungulia kwenye bajaji, mimi nimeshika taa ya simu kwa meno. Nikamweleza mvua za masika zilipojaza vyoo na tukapita nyumba kwa nyumba na dawa ya kutibu maji. Akanisikiliza, vidole vimetulia juu ya vitufe.

"Dada, sentensi moja."

Tukaandika: *Nina uzoefu wa miaka kumi na moja katika shughuli za kujitolea kwenye jamii.* Niliitazama ile sentensi kwenye kioo. Mtu yeyote angeweza kuandika sentensi hiyo. Hata anayefagia msikiti angeweza.

"Wadhamini watatu," akasema. "Jina, cheo, namba ya simu."

Hapo nikanyamaza.

"Weka diwani, weka sheikh, weka mwalimu mkuu. Kila mtu anaweka hao. Hawapigiwi hata simu."

Diwani ananijua kwa sura. Sheikh ananijua kwa mume wangu. Mwalimu mkuu ananijua kwa deni la mchango wa dawati. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona nikifanya kazi, kwa sababu kazi yenyewe, ile hasa, haifanywi mbele ya watu. Wanaoijua wapo. Nikiwa nimeegemea ile kaunta niliwahesabu kwa vidole: mmoja, wawili, watatu. Nikimwandika yeyote kati yao na namba yake ya simu, nimeshamwambia kila atakayeifungua ile bahasha kwamba huyu mtu aliwahi kunihitaji. Na wa mtaani hatauliza alinihitaji kwa nini. Atajua mwenyewe, au atatunga.

Mdhamini wangu bora ni yule nisiyeweza kumtaja. Sikuwahi kuliona hilo kwa miaka yote ile. Limenifikia pale, mbele ya mashine ya kutolea nakala, kijana amenyoosha mkono anataka jibu.

Nikamwandikisha diwani, sheikh na mwalimu mkuu.

Tuseme ni kifua kikuu

Sasa nifike kwa mwenye ndoo. Kabla sijafika, nieleweke: nimebadilisha vitu. Ugonjwa huenda si huo. Huenda si mwanamke. Hata vitumbua huenda si vitumbua. Mkisoma mkadhani mmemjua, mmekosea, na nimehakikisha mmekosea.

Tuseme ni kifua kikuu, basi, na tuseme ni mwanamke.

Alikuja usiku, si kwa kikohozi. Alikuja kuniuliza kama jasho la usiku ni dalili ya kukoma hedhi mapema. Nikamuuliza kikohozi kina muda gani. Akasema wiki moja. Nikamwangalia. Akasema mwezi. Nikampa kikopo, nikamwelekeza atoe makohozi ya ndani, ya asubuhi, si mate, na asubuhi ile nilikibeba mimi mwenyewe mpaka kituo cha afya, nimekifunga ndani ya mfuko wa vitumbua.

Majibu yalipotoka hakulia. Alisema, "Nyumbani wasijue."

Nikamwambia haiwezekani, mnalala chumba kimoja, mnapumua hewa moja. Akasema basi, dawa hamezi. Tulibishana siku tatu. Mwisho nilikubali jambo ambalo mpaka leo sijui kama nilifanya sawa: nikatangaza kwamba kuna zoezi la kuuliza kikohozi nyumba hadi nyumba, nikapita nyumba kumi na mbili na daftari, nikiuliza maswali yale yale kwa uso ule ule, ili niifikie ya kumi na tatu bila mtu kushtuka. Nikawapata wote wa nyumbani kwake, wakapimwa, hawakuwa nao. Zoezi hilo halikuagizwa na mtu. Lilikuwa uongo wangu, nyumba kumi na mbili za uongo.

Dawa zikakaa kwangu, kwenye kopo la iliki. Miezi sita. Kila saa kumi na moja alfajiri anakuja kununua vitumbua. Anaingia ndani kama anayechagua, anameza vidonge vyake tumbo tupu, mimi nimesimama na kikombe cha maji, kisha anatoka na vitumbua viwili kwenye karatasi, anasema "Leo umezidisha sukari" kwa sauti ya kusikika na jirani. Wiki ya kwanza alirudi mbio, amekunja uso, ananivuta pembeni: mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Alidhani ni damu. Nikamwambia ni dawa tu, inatia rangi mpaka machozi. Akasema, "Basi nisilie." Tukacheka, tumejiziba midomo, kama wasichana.

Tulikubaliana pia kwamba mitaani hatujuani. Sokoni ananipita. Kwenye shughuli anakaa mkeka mwingine.

Miezi sita ikaisha, akapona. Na tangu siku ile alipomeza kidonge cha mwisho hajanunua kitumbua kwangu tena. Hata kimoja.

Nilielewa. Au nilidhani nimeelewa, mpaka siku ya dirisha.

Inategemea ni nyumba gani

Kabla ya kura, mganga mfawidhi wa zahanati alituuliza swali moja, sote wanne, mbele ya watu: mtoto wa miezi minane ana homa, ni usiku, mama amekuja kukugongea. Utafanya nini?

Wa kwanza akasema atampa panadoli. Wa pili akasema atapiga simu. Wa tatu alikuwa binti wa miaka ishirini na tatu, amehamia mtaani miezi minane tu, anakaa kwa mjomba wake. Akasimama wima. Akasema ataangalia kwanza dalili za hatari: kama mtoto anashindwa kunyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea au hajitambui. Ikiwepo hata moja, kituo cha afya usiku huo huo. Akakaa. Safi kabisa. Mganga akaandika kitu.

Kisha mimi.

Nilizijua zile dalili nne tangu yule binti akiwa darasa la tano. Nilitaka niseme zaidi ya alichosema. Nilitaka watu waone tofauti ya aliyesoma na aliyetembea. Nikafungua mdomo nikasema:

"Inategemea ni nyumba gani."

Nikaendelea. Nikasema kuna nyumba humu mtaani, huwezi kumwambia mama apeleke mtoto usiku, mpaka umwamshe kwanza baba mkwe, kwa sababu ndiye mwenye pesa. Kuna nyumba mtoto ataanzia kwa mganga wa kienyeji, utaongea mpaka asubuhi, kwa hiyo unakubali aende kote kuwili, ila zahanati kwanza. Kuna nyumba mama haogopi homa, anaogopa kuulizwa kadi ya kliniki kwa sababu hakuihudhuria. Sikutaja jina. Wallahi sikutaja jina hata moja.

Lakini nilipokuwa nasema "kuna nyumba", nilikuwa natazama watu. Na nyumba zilikuwa zimekaa pale, kwenye viti na ndoo na matofali, zinanitazama. Nikaona mama mmoja anashusha khanga usoni. Nikaona wanaume wawili wanaangaliana. Mkutano ukanyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilidhani wamenyamaza kwa kuvutiwa.

Nilikaa nikiwa nimefurahi.

Kisha tukageuzwa ukutani.

Binti alipata mikono 58. Mimi 41. Wale wawili waligawana iliyobaki.

Kata na mtungi

Siku za mwanzo nilikuwa na hasira za kawaida. Nilisema mjomba wake amezungumza na watu. Nilisema wanataka cheti kizuri, changu ni divisheni ya nne na hakijawahi kujificha. Nilisema watu hawana shukrani. Hayo niliyasema kwa sauti, kwa yeyote aliyekuja kununua, na nahisi nilipoteza wateja kadhaa.

Usiku nilikuwa nafanya hesabu nyingine. Kwenye lile dirisha niliona mikono, na mikono niliitambua. Wale walioninyooshea wengi wao sijawahi kuingia vyumbani kwao. Wananijua kwa fulana. Na wale niliowashika mkono kwenye uchungu, niliobeba vikopo vyao, niliowafichia kadi, nikawatafuta mmoja mmoja kwenye kumbukumbu ya kile kioo. Baadhi walinyoosha. Wengi, hapana.

Mama aliniambia, akipepeta mchele, bila hata kuinua uso: "Wamekuona sana."

Nikampigia shangazi. Yeye yuko upande wa pili wa mpaka, Kwale, na ni mmoja wa wale wahudumu laki moja ambao Rais Ruto aliwazindua Septemba 2023, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha, cha sukari, na simu ya kuingizia takwimu. Ana nyumba zake kama mia moja za kuzungukia na posho ya shilingi elfu tano za Kenya kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Nilitaka anionee huruma. Akaniuliza kwanza nimejibu nini siku ya mkutano. Nikamweleza. Akanyamaza muda, nikadhani salio limekwisha.

"Mwanangu," akasema, "mtu aliyekuvulia nguo hapendi kukuona umevaa sare."

Nikamwambia sikumtaja mtu.

"Hukumtaja. Ulimkumbusha."

Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo tulivyofundishwa, na maisha yangu yote niliisikia methali ile nikiwa upande wa kata. Kata imezama, imeona chini, inajua kuna mchanga kiasi gani. Sikuwahi kujiuliza mtungi wenyewe unaionaje kata, hasa ikishaanza kuzunguka na tangazo la kazi mkononi, inaomba mtungi uisimamie.

Kwa sababu ndicho nilichoomba, ukiniondolea maneno ya steshenari. Nilimwomba yule mwanamke asimame hadharani, mchana kweupe, anyooshe mkono, maana yake aseme: huyu anaijua kazi. Na wewe umejuaje kwamba anaijua? Watu wetu hawakosi kuuliza. Hata wasipouliza kwa mdomo.

Lakini sitaki kujidanganya kwamba nimemaliza. Kuna usiku nafikiri hivi na nalala vizuri. Kuna usiku nafikiri alibakiza mikono mapajani kwa sababu nyingine kabisa. Kwamba hakuniamini. Kwamba alipata hofu kuwa mtu anayeweza kudanganya nyumba kumi na mbili kwa uso mkavu, siku moja atadanganya na ya kumi na tatu. Au alinisikia nikisema "kuna nyumba" akajua, huyu bado anayo yangu mdomoni, imekaa karibu na meno.

Na ikiwa ndivyo alivyofikiri, hakukosea sana. Angalieni, naandika.

Daftari jipya

Binti alikuja Jumatano, jua limeshapoa. Hakuja mikono mitupu, alibeba embe nne. Akanipa shikamoo, nikaitikia kwa unyonge kidogo, sijazoea shikamoo ya mtu aliyenishinda.

Wiki inayofuata wanakwenda mafunzoni: miezi sita, mitatu darasani, mitatu ya vitendo. Anataka ajue mtaa kabla hajaondoka. Alikuwa na daftari jipya, ameshalichora mistari kwa rula: namba ya nyumba, watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee, choo.

"Dada, wameniambia wewe ndiye unayejua."

Nilifikiria kumwambia mtandio wangu umelowa. Nikauvaa umelowa hivyo hivyo.

Tulianzia kule relini. Nilimwonyesha kila kitu ambacho kila mtu anakijua. Hapa watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Hapa choo kinajaa masika, pita kwa nyuma. Hapa mbwa. Hapa ukiambiwa "baba hayupo", yupo. Hapa bibi haoni vizuri, jitaje jina kabla hujakaa, na uitikie hodi yake ya pili, ya kwanza huwa anajaribu sauti. Binti anaandika, anaandika, ulimi ameutoa pembeni ya mdomo. Mwandiko mzuri. Nikamwambia jambo moja tu la kazi: daftari hili usiliache juu ya meza ya mtu ukaenda kunawa. Akalifunga akalikumbatia, kama nimemgombeza.

Kila tulipopita nyumba ambayo nilikuwa na kitu chake, nilihisi kitu hicho kinapanda kooni, na nilikimeza. Ni watu wake sasa. Kuna mambo yangemsaidia. Kuna mlango mmoja nilisimama muda mrefu kidogo, naupima: aliyemo ndani akiacha dawa, nani atajua? Huyo nilikwenda mwenyewe kesho yake usiku, nikamuuliza kama naweza kumtambulisha kwa mtu mwingine. Akasema atafikiri. Bado anafikiri, na mimi bado nakwenda.

Lakini siku ile tuliendelea, mpaka tukafika kwa mwenye ndoo.

Alikuwa nje anafagia, ameinama, ufagio wa chelewa. Ndoo yenyewe ilikuwa pale karibu na mlango, imejaa maji. Binti akafungua ukurasa.

"Na hapa, dada?"

"Hapa muulize mwenyewe. Mimi sipajui."

Jirani akainuka, mkono mmoja kiunoni. Akamtazama binti, akalitazama daftari, kisha akanitazama mimi. Sikumbuki mara ya mwisho tulipotazamana hivyo mchana.

"Karibuni."

"Tumeshakaribia," nikasema. "Huyu ndiye mhudumu wetu mpya. Mimi namsindikiza tu, nikirudi nina maji ya kuchota."

Akamkaribisha binti kwenye kigoda, akaanza kuulizwa maswali ya daftari, anajibu moja moja, watoto wangapi, choo kipo, maji ya bomba. Nikakaa pembeni nikijifanya natazama barabara. Binti akauliza kama kuna mtu mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili. Akajibu hakuna. Binti akaandika hakuna.

Tukaaga. Tulikuwa tumeshafika kwenye uzio nilipomsikia nyuma yangu, kwa ile sauti ya kusikika na jirani.

"Kesho unakaanga?"

"Nakaanga."

"Niwekee viwili."